Shamba la Mdomoni mwa Malka

Mimi subira sikupewa. Mama yangu alikuwa akisema kwamba hata tumboni sikungoja siku zangu zitimie, nilitoka akiwa bado anapepeta mpunga, ungo mkononi. Kwa hiyo mtu asinishangae nikisema kwamba mwaka ule wa tuta, miaka ya hamsini, sikukaa kitako. Hata chakula nilikula nimesimama, bakuli mkononi, macho mtoni.

Nilikuwa nimeolewa kijiji kilichoko juu kidogo ya Idsowe, ukingoni mwa Tana, nikitokea kwetu Kilelengwani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Siku ya kuonyeshwa pa kulima, mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alinipitisha kwenye mashamba mazuri yote, lake na ya wakaza-wana waliotangulia, akinitajia hili la nani na lile la nani, mpaka nikadhani tunatembea tu. Tukafika mahali ambapo ukingo umelika na kuwa mteremko, majani yamekanyagwa, mavi ya ng'ombe kila upande. Akasema, "Hapa ndipo pako, mwanangu. Pana rutuba."

Pale ni mdomoni mwa malka. Malka ni njia ya ng'ombe. Waorma wakishuka kutoka bara kutafuta maji na majani hawapiti popote wanapotaka. Wana njia zao tangu enzi za mababu, katikati ya mashamba yetu sisi Wapokomo, na haifai mtu kuziziba wala kuzilima. Mimi nililima bega la huku na bega la huku, njia ikapita katikati. Rutuba ilikuwepo, mavyaa hakusema uongo. Lakini mto ukifura, hapo ndipo unapoingilia, na ng'ombe akiona jani la mahindi, hapo ndipo anaponyoosha shingo.

Mwaka wa kwanza mto ulilichukua shamba lote. Sikuvuna hata gunzi la kuchokolea meno.

Basi ikabidi nile kwa mavyaa. Na hapa lazima niseme haki: hakuwa mchoyo. Uchaga wake ulijaa mahindi, na hakuna aliyetoka kwake mikono mitupu. Ila alikuwa na mtindo wake. Unafika na kikapu kitupu, anakiona, mtoto yuko mgongoni analia njaa, anamsikia, na bado anakaa kimya akikutazama. Kisha kwa sauti ya kusikika nyumba zote: "Sema unachotaka, mwanangu." Wanawake waliokuwa wakitwanga wanasimamisha michi hewani. Nami nasema, "Naomba mahindi, mama." "Ya nini?" "Ya kula." "Aa! Ya kula. Haya, chukua."

Ya nini! Kwani watu huvaa mahindi? Nilikuwa narudi nyumbani uso unawaka, nikimwambia mume wangu, "Mama yako ataniua kwa kunilisha." Yeye akicheka. Akisema mama alifanya hivyo hata kwake, hata kwa baba yake marehemu, kwamba nyumba yao ilikuwa nyumba ya kusema, mtu asikae na shida moyoni. Mimi nikamwambia kwetu Kilelengwani mtu akija na kikapu kitupu, kikapu ndicho kinachosema. Nikaapa palepale, mkono juu ya kichwa cha mwanangu, kwamba msimu unaofuata sitasimama tena mbele ya uchaga ule. Kiapo hicho ndicho kilichonitoa usingizi na kunitoa kitako mwaka mzima.

Ndipo likaja tuta.

Baraza la wilaya liliamua mto uzuiwe. Akaletwa Mzungu mmoja, sisi tukimwita Bwana Maji, na darubini yake ya miguu mitatu, na vijiti vyekundu na vyeupe alivyovichomeka ukingoni. Tuta la udongo lipite kando ya mto, lilinde mashamba, lilinde na barabara ya kwenda Garsen. Kila nyumba ikapewa kipande chake. Wanaume walichimba, sisi wanawake tukabeba udongo kwa karai, tukaushindilia kwa miguu, tukiimba ili miguu isichoke. Mume wangu akafanywa nyapara, kwa sababu aliwahi kuvuta kamba ya kivuko pale Garsen na alijua kusoma. Akapewa koti la kaki lenye vifungo vya shaba. Lo! Koti lile! Tangu alivae alitembea kama aliyemeza upondo, shingo haipindi huku wala huku. Nilimwambia, "Baba watoto, ukilala nalo utaliharibu." Akanuna.

Shida ikawa malka. Bwana Maji alitaka tuta lipite moja kwa moja, lizibe. Wazee wakakataa. Wakamwambia ng'ombe akiwa ndani ya maji harudi nyuma. Anaogelea kuelekea malka, na akiikuta imezibwa, kingo nyingine ni za kusimama wima, atapigapiga miguu hapo mpaka azame au achukuliwe na mamba. Wakabishana mpaka kivuli kikahama. Mwisho wakakubaliana: tuta liachwe pengo pale kwenye malka. Magunia ya udongo yapangwe pembeni, na magogo ya mikoma. Maji yakija, pengo lizibwe. Maji yakishuka, lifunguliwe. Bwana Maji akaitikia kwa kichwa, akaingia kwenye gari lake, akaenda zake.

Kiangazi kilipokaza, ng'ombe wakapita. Aliyetangulia alikuwa mzee mmoja wa Kiorma, mrefu, mkavu, rafiki wa siku nyingi wa marehemu baba mkwe. Sote tulimwita Abba. Alikuwa akivusha mifugo yake kwenda kwenye majani ya ng'ambo. Alipofika pengoni akasimama, akagonga magunia kwa fimbo.

"Hii ya nini?"

Mume wangu akamweleza habari ya mafuriko na pengo.

"Sawa," Abba akasema. "Mimi iko ng'ambo, wewe nafunga. Sasa mimi narudi wapi?"

"Mto ukishuka nafungua, Abba." Akampa mkono mbele ya wazee. "Ahadi ni deni."

Abba akaushika mkono ule kwa muda, akaachia, akawapigia mluzi ng'ombe wake. Wakapita katikati ya mahindi yangu machanga, na wachungaji wake wakawachunga vizuri, nisiwasingizie. Ila mmoja, dume jeusi, alining'olea mashina kadhaa kwa makusudi kabisa, akanitazama huku anatafuna.

Sasa sikia kosa tulilofanya, na ni kosa la watu wa mto, maana mtu wa bara hangekuwa na bonde la kulikosea. Zamani mahindi na migomba ilipandwa juu, kwenye ukingo ulioinuka. Nyuma ya ukingo ardhi inashuka, kuna bonde la udongo mweusi, na bondeni watu walipanda mpunga tu, kwa sababu mpunga na maji ni ndugu. Lakini tuta liliposimama, watu wakaona bonde limepona. Udongo mweusi namna ile, uachiwe mpunga? Wakashuka wote na mahindi. Mavyaa wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza. Mahindi yake yote, msimu ule, aliyapanda bondeni. Akawa anapita kwangu akisema, "Na wewe shuka basi, bado pana nafasi." Sikushuka. Si kwa akili, maana nisijisifu; ni kwa ukaidi. Nilisema nitavuna mdomoni mwa malka hapahapa nilipotupwa, ili nije nimwonyeshe.

Na mahindi yalikubali, mwenzangu! Yalikuwa yamenipita kimo. Yakaanza kutoa ndevu, nami nikaanza kuyazunguka asubuhi na jioni. Nilikuwa nikigusa mahindi kwa vidole, moja moja, mume wangu akisema nitayatia kijicho kwa kuyatazama sana.

Habari ya maji ililetwa na dereva wa lori, kivukoni Garsen. Alisema huko juu mto umetapika. Kwetu mbingu ilikuwa nyeupe, jua kali, hata wingu la kufutia uso hakuna. Mgeni angecheka. Lakini Tana huleta mvua ya watu wengine, na kila mtu kijijini akaanza kuutazama mto kwa jicho la pembeni. Mimi sikuwa na pembeni, nilikwenda kuusimamia. Bwana Maji alikuwa amechomeka mti wenye alama mtoni, na mimi, nisiyejua kusoma, niliujua mti ule kuliko aliyeuchomeka. Nachota maji, nautazama. Naosha sufuria iliyokwisha kuoshwa, nautazama. Kwanza maji yalibadilika rangi, yakawa mazito, mekundu. Kisha likaja povu. Kisha magogo na mabua na mzinga wa nyuki wa mtu, unazunguka. Nikapika ugali nikasahau kutia unga, maji yakachemka peke yake mpaka yakakauka.

Mume wangu akapiga mbiu. Wanaume wakalaza magogo pengoni, wakapanga magunia, sisi tukaleta udongo kwa karai, tukashindilia. Malka ikazibwa. Mto ukapanda ukafika kwenye tuta, ukalilamba, ukasimama. Tuta likashika. Nilikaa juu yake nikiuona mto kushoto na mahindi yangu kulia, na mahindi yalikuwa chini kuliko mto, makavu, yanapepea. Nilicheka peke yangu.

Bwana Maji akaja kwa mashua ya injini, akaona, akafurahi mno. Alimpiga mume wangu bega. Akasema, nami nilikuwepo, karani wake akitafsiri: "Vizuri sana. Tuta hili lisiguswe mpaka nirudi mwenyewe." Akaondoka kwenda makao ya wilaya. Zama zile zilikuwa za Hali ya Hatari, na ingawa vita vilikuwa mbali na sisi, amri ya Mzungu haikuwa kitu cha kuchezea. Mume wangu akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni.

Maji yakaja kwa nyuma.

Kuna mkondo wa zamani, mahali mto ulipopita enzi za mababu kabla haujahama. Miaka mingi ulikuwa majani tu, mbuzi wakilishwa humo. Vijiti vya Bwana Maji havikufika huko, na sisi, kwa kutazama mbele sote, hatukugeuka. Alasiri moja mwanamke aliyekwenda kuokota kuni akarudi anapiga yowe, kanga yake imelowa hadi kiunoni. Maji hayakuwa na kishindo. Yalikuwa yanatambaa katikati ya majani, taratibu, yakaingia bondeni, yakajaa, yakafika kwenye tuta kwa upande wa ndani, yakakosa pa kutokea.

Na hapo mto, kwa inda yake, ukaanza kushuka. Nje maji yanarudi chini, ndani yamekaa. Tulikuwa tumejijengea bakuli, nasi na mahindi yetu tumo ndani. Ebo! Kazi yote ile ya karai!

Bondeni mahindi yalisimama kwenye maji ya magoti. Mahindi si mpunga. Hustahimili kidogo, kisha majani ya chini yanageuka manjano, na manjano inapanda. La mavyaa lilikuwa katikati ya bonde. La kwangu, juu kwenye mabega ya malka, lililowa nyayo tu. Mwaka ule pekee, shamba baya kuliko yote lilikuwa shamba zuri kuliko yote. Nilifurahi? Nilifurahi, kwa nini nidanganye? Furaha ya siku moja. Siku ya pili haikuwa furaha tena.

Maana kila mtu aliona njia ni moja. Bakuli lile lilikuwa na tundu moja, na tundu ni malka. Ondoa magunia, maji yote yatakimbilia mtoni. Lakini yatapita pale pale, mabegani mwa malka, na udongo wa pale ni tope la mto, laini. Yatakwenda na shamba langu.

Wazee walimwendea mume wangu. Akasema amri ni amri, tuta lisiguswe mpaka Bwana arudi. Wakaondoka wananong'ona, na mnong'ono ulinifikia kisimani kabla ya jioni: nyapara hafungui kwa sababu ya shamba la mkewe. Niliutua mtungi wangu nikauliza, "Nani amesema?" Wote wakawa wanatazama ndani ya kisima.

Nikamwuliza mume wangu. "Ni kweli? Ni kwa ajili yangu?"

"Ni kwa ajili ya amri."

"Na ahadi ya Abba?"

Alikuwa anasugua kifungo cha koti kwa kidole gumba.

Mavyaa naye akawa anakuja. Anakuja mpaka ukingoni mwa shamba langu, anasimama, mikono nyuma, anatazama mahindi yangu ya kijani, anatazama magunia. Mimi napalilia mahali pasipo na magugu. Namsubiri. Nasema moyoni: leo atasema. Yeye si wa nyumba ya kusema? Aseme anachotaka. Anakohoa kidogo, ananiuliza mtoto amelala vipi, anarudi. Kesho yake tena. Na mimi, mwenye hasira zangu, nilikuwa nimekwisha kupanga jibu, tena zuri, nimelinoa, nikawa nalirudia usiku kitandani. Lakini alipokuwa anarudi mara ile ya pili nilimwona miguu yake: tope jeusi hadi magotini. Alikuwa ametoka kuingia bondeni, mama wa umri ule, kuyashika mahindi yake moja moja. Kama mimi nilivyoyashika yangu.

Nikatupa jembe. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikachukua mtumbwi wa shemeji bila ruhusa, nikashika upondo, nikavuka.

Mto ulikuwa bado na nguvu. Ulinichukua chini sana, nikatua mbali, nikatembea kwenye majani mpaka nikalikuta boma la Abba. Mbung'o walikuwa wameanza, ng'ombe wanapigapiga mikia, ngozi zinatetemeka. Huko bara mvua ilikuwa imekwisha kunyesha na Waorma wote walitaka kuondoka. Abba alinikaribisha kivulini, akanipa maziwa, akangoja ninywe. Sikuweza kungoja mimi.

"Abba, mto umeshuka. Ulipewa mkono. Kwa nini huji kuidai malka?"

"Mimi nasikia maneno," akasema. "Mzungu nasema tuta isiguswe. Mimi mzee, hapana taka kesi. Mimi nashuka na ng'ombe chini, navuka mbali."

"Mbali huko ng'ombe watachoka. Idai, Abba. Ukituma mtu kwa wazee kusema ng'ombe wako wanavuka, mume wangu ana ahadi, na Bwana Maji mwenyewe alikubali pengo. Hakuna atakayeweza kukataa."

Alinitazama. Akamtazama mtoto. "Mama, ile mahindi iko mdomoni. Si ya wewe?"

"Ndiyo."

"Wewe nataka maji ipite hapo?"

Nikasema ndiyo. Sauti ilinitoka kwa hasira, hata akatabasamu.

Akaniambia jambo ambalo sikulifikiri. Kila mwaka, alisema, ng'ombe wake wakipita, nyuma yake kuna mtu analia shamba limeliwa, na kila mwaka yeye huketishwa mbele ya wazee kulipia hata mashina yaliyoliwa na kiboko. Maji yakichukua shamba langu leo na ng'ombe wakipita kesho, kesho kutwa watu watasema ni ng'ombe wa Muorma. Kwa hiyo atatuma mtu. Lakini mimi nisimame pale malka, mbele ya wote, kabla gunia la kwanza halijaondolewa, niseme kwa kinywa changu kwamba shamba nimeliacha, na sina madai juu yake wala juu ya yeyote.

Niseme kwa kinywa! Nilivuka kurudi nikipiga upondo maji yanaruka. Nilikuwa nakwepa kusema kwa kinywa mbele ya uchaga mmoja, sasa naambiwa niseme kwa kinywa mbele ya kijiji.

Mjumbe wa Abba akaja asubuhi. Wazee wakakutana, na safari hii hawakunong'ona. Walimwambia mume wangu: ng'ombe wanavuka, mkono ulitolewa, hata Mzungu aliitikia. Kijiji kizima kikaja malka. Mavyaa alisimama nyuma, kanga kichwani. Nikapanda juu ya magunia. Sikujua kama nina hofu au nataka kumpiga mtu.

Nikasema, "Shamba hili ni langu. Nimeliacha. Maji yakilichukua sidai, ng'ombe wakilikanyaga sidai. Mtu asije akasema ni Muorma." Kisha nikaona haitoshi, nikaongeza, "Na mtu asije tena kisimani akasema ni mume wangu."

Mume wangu akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja. Akalikunja, akanipa nilishike, akachukua jembe, akaanza yeye mwenyewe.

Mwanzoni maji yalitoka membamba, kama ya kunawia mikono. Gunia la chini lilipong'oka, yakapata habari. Yalikuja yote pamoja kutoka bondeni, meusi, yakapita kwa mngurumo. Mahindi ya bega la huku yaliinama, yakalala, kisha udongo wenyewe ukaanza kukatika vipande vipande na mashina yakiwa yamesimama juu yake, yakaingia mtoni yamesimama hivyo hivyo. Bega la pili lilifuata. Ndevu zake zilikuwa zimeanza kukauka. Zilibaki siku chache tu nivune. Nililia. Nililia kwa sauti, koti la Serikali mkononi, nikalifutia pua.

Maji yalipopungua, Abba akavusha. Wachungaji walipiga maji kwa fimbo wakipiga kelele kufukuza mamba, vichwa vya ng'ombe vikaja vimenyooshwa juu ya maji, wakapanda malka wanatiririka, wakapita pale palipokuwa na shamba. Dume jeusi lilisimama likatafuta cha kula, halikukiona. Abba aliponifikia aliinamisha kichwa, akapita.

Bwana Maji alirudi baadaye, akapiga kelele, wazee wakamweleza, akapima kwa darubini mkondo wa zamani ambao hakuupima mwanzo. Koti lilirudishwa barazani. Mume wangu akaanza tena kupinda shingo.

Bondeni mahindi yalizinduka. Si yote, lakini mengi. Majani ya manjano yalibaki chini, juu yakaendelea kuwa kijani, na punje zikajaa. Watu wakavuna. Nilisikia michi ikitwanga nyumba hii na ile, na mimi nilikuwa na unga wa kufunika mkono tu mtungini. Kiapo changu kile! Kila asubuhi nilichukua kikapu, nikafika mlangoni, nikakirudisha. Nikakichukua tena. Mume wangu alisema, "Nenda tu, ni mama." Nikamwambia aende yeye. Akasema kikapu ni cha mwanamke. Tukagombana kwa sababu ya kikapu, nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Nilikuwa nafagia hivyo, mgongo kwa njia, niliposikia mtu anahema. Nikageuka. Mavyaa alikuwa amesimama mlangoni kwangu na gunia kichwani, la mahindi, limejaa mpaka mdomo umeshonwa. Alikuwa amelibeba peke yake kutoka bondeni, shingo inatetemeka, jasho linamtiririka puani. Gunia la namna ile mtu hawezi kulitua mwenyewe. Lazima mwenzio akutue. Nyumba ya pili walikuwa wanatwanga. Michi ikasimama hewani.

Alinitazama. Nami nikamtazama, ufagio mkononi. Kikapu changu kitupu kilikuwa pale kizingitini, kimelala ubavu.

Nikasema, kwa sauti ya kusikika nyumba zote, "Sema unachotaka, mama."

Midomo yake ikacheza. Nilidhani atalia, kumbe ni kicheko alikuwa anakizuia, na gunia likawa linayumba.

"Nataka unitue," akasema. "Nitue, mwanangu."

Nikatupa ufagio, nikaenda nikamtua.